Batri ya pano ikisha kufa: risasi, vumbi na damu ya watoto wadogo

Tulikuwa tumepanda Bibokoboko kwa kazi ya mbegu za maharagi, si kwa kazi ya batri. Katika depo ya koperative moja ya huko juu tulikuta magunia ya mbegu yamepangwa vizuri juu ya mbao, na pembeni yake, chini kabisa, batri nne za pano zilizokufa. Mbili zilikuwa zimepasuka. Maji yake yalikuwa yametoka na kuacha alama nyeupe kwenye udongo. Mtoto wa mlinzi wa depo, kama miaka miwili hivi, alikuwa amekaa hapo anapigapiga kifuniko cha batri kwa kijiti, halafu anaweka vidole mdomoni, sawa vile watoto wa umri ule wanafanya siku nzima.

Siku ile komite ilikuwa na jambo lake la kuamua. Mnunuzi mmoja wa vyuma vikuukuu alikuwa ametuma ujumbe kutoka chini: batri nzima anatoa bei ndogo, lakini wakizivunja wenyewe na kumletea vibamba vya ndani vikiwa vikavu, anaongeza, kwa sababu mzigo unakuwa mwepesi kushusha mlima. Wazee wawili na mama kesie walikuwa tayari kukubali. Franka ni franka, na msimu ulikuwa mbaya. Tuliomba nafasi ya kusema. Makala hii ni yale tuliyosema siku ile, pamoja na maswali tuliyoulizwa ambayo yalitulazimu kurudi kwenye vitabu.

Risasi gani hiyo?

Neno hili kwetu linashtua. Mtu akisikia "risasi" katika milima ya Fizi anafikiri bunduki kwanza, na hana kosa. Lakini risasi ni jina la madini yenyewe, yale Wafaransa wanaita plomb. Risasi nyingi za bunduki zina madini hayo ndani, ndiyo maana jina ni moja. Ni chuma kizito, cha rangi ya kijivu, laini kiasi kwamba kisu kinaweza kukikata, na ukikipitisha kwenye karatasi kinaacha mstari. Kinayeyuka kwa digrii 327, ni kusema hata moto wa makaa unatosha. Sifa hizo ndizo zilifanya watu wakipende tangu zamani, na ndizo zinafanya kiwe hatari mikononi mwetu.

Batri kubwa ya pano, batri ya gari na zile batri nyingi za moto zimejaa madini haya. Zaidi ya nusu ya uzito wa batri ni risasi. Batri ya kilo 25 ina zaidi ya kilo 12 za risasi: vibamba, na ule unga wa kahawia au wa kijivu-nyeupe uliopakwa juu yake. Batri ikiwa nzima, risasi imefungwa humo na haidhuru mtu. Ikivunjwa, ule unga unakauka, unakuwa vumbi. Vumbi halina harufu, halina ladha chungu ya kumfanya mtoto ateme. Zile batri ndogo za lithiamu zilizo ndani ya taa za mkononi za sola hazina risasi, ingawa nazo zisichomwe.

Mzee mmoja alituambia, "Mimi nimevunja batri tangu wakati wa Mobutu na niko mzima." Tunamheshimu mzee, na labda ni mzima kweli, ingawa risasi kwa mtu mkubwa inapandisha presha na kuharibu figo polepole bila kupiga hodi. Lakini swali si yeye. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba risasi ileile ikiingia tumboni, mwili wa mtoto mdogo unanyonya mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mkubwa. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, na risasi inaingia katika ujenzi huo. Ikiwa kidogo, mtoto haumwi kitu unachoweza kuonyesha kwa kidole. Anachelewa kusema, hatulii darasani, anasahau. Ikiwa nyingi: tumbo kuuma, kufunga choo, kutapika, damu kupungua, degedege, kifo. Kile kilichoharibika kwenye ubongo hakirudishwi na dawa yoyote. Na hakuna kiasi kidogo ambacho wataalamu wamekiona wakasema, hiki hakina shida.

Mama mjamzito yuko ndani ya habari hii pia. Risasi inajificha kwenye mifupa kwa miaka mingi, na wakati wa mimba mifupa inaiachilia, inapita kwa mtoto tumboni.

Mombasa, Thiaroye, Zamfara

Tuliulizwa: mambo haya yametokea kwa watu weusi kama sisi, ao ni habari za Wazungu? Yametokea, na karibu.

Mombasa, kwenye pwani ya Kenya, kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru, wenye watu kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha batri za zamani za magari kilianza kazi ukutani kabisa pa mtaa huo. Moshi ulishuka juu ya mabati, maji machafu yakapita katikati ya nyumba. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipata kazi humo mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Waganga walitafuta malaria, wakatafuta tifoidi, hawakuona kitu. Mwishoni damu ilipopimwa risasi, jibu likapatikana. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, wakaandamana, wakakamatwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2023, halafu Mahakama ya Juu kabisa ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa alikuwa na miaka 17 kesi ilipoisha.

Tuangalie sana hapo kwenye malaria na tifoidi. Sumu hii inavaa nguo za magonjwa tunayoyajua.

Habari ya pili ni ya wavuvi, na ndugu zetu wa Baraka na wa pembeni ya Tanganyika waisikie. Thiaroye-sur-Mer ni kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa Dakar, Senegal. Wahunzi wa hapo walikuwa wanavunja batri na kuyeyusha risasi kufanya vizito vya nyavu. Kwa miaka mingi unga ulichanganyika na mchanga. Halafu bei ya risasi ilipanda, na akina mama wakaanza kuchekecha mchanga ule kutafuta vipande, wengine wakaubeba kwa magunia hadi nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Walipopima watu 81 wa hapo, watoto na wakubwa, wote 81 walikuwa na sumu ya risasi. Hakukuwa na kiwanda. Ni mikono, nyundo, chekecheo na moto wa nyumbani. Kwa hiyo mvuvi anayeyeyusha batri kwenye jiko la mama watoto apate vizito vya wavu, anaweza kurudia mawe na vigae vya udongo wa kuchoma kama walivyotumia babu zetu. Samaki hawaangalii kizito ni cha nini.

Ya tatu inatugusa kwa upande wa mashini ya kusaga. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa kwa degedege katika vijiji vya wachimba dhahabu. Hapo pia walifikiri malaria. Madaktari Wasio na Mipaka walipopeleka damu kupimwa, ikaonekana ni risasi. Mawe ya dhahabu ya kule yalikuwa na risasi nyingi ndani yake, na watu waliyaponda na kuyasaga ndani ya lupango, wengine kwa mashini zilezile za kusagia unga. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Kabla ya kuwapa watoto dawa ilibidi kwanza kukwangua udongo wa juu wa lupango zima na kuweka udongo mwingine, kwa sababu kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kumwaga maji kwenye kikapu.

Fizi ina dhahabu, Misisi na kwingine. Si kila jiwe la dhahabu lina risasi, na kwa macho hutajua. Lakini koperative yenye mashini ya mihogo ifanye sheria moja isiyo na mjadala: hapa jiwe halisagwi, hata usiku, hata kwa ndugu wa rais wa koperative. (Zebaki ya wachimbaji ni habari nyingine, nayo ina siku yake.)

Damu inapimwaje

Kupima ni kazi ndogo. Mkono wa mtoto unaoshwa vizuri na sabuni, kwa sababu vumbi lililo kwenye kidole linaweza kudanganya kipimo, halafu kidole kinachomwa, tone la damu linawekwa kwenye kamashini kadogo na jibu linatoka baada ya dakika chache. Jibu likiwa kubwa, wanachukua damu ya mshipa kuhakikisha. Umri unaoangaliwa zaidi ni mwaka 1 hadi 2, mtoto anapotambaa na kuonja kila kitu, na kwa jumla chini ya miaka 6.

Jibu linasomwa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema: ikifika 5, tafuteni risasi inatoka wapi na muizuie. Ikifika 45 kwa mtoto, anapewa dawa ya kutoa risasi mwilini, na dawa hiyo ni ya hospitali chini ya daktari, si ya sokoni. Ili muone 5 ni kidogo kiasi gani: mtoto wa kilo 10 ana damu karibu desilita 8. Zidisha, unapata mikrogramu 40 katika damu yake yote. Punje moja ya sukari ni nzito mara nyingi kuliko hiyo. Basi mtu asituambie "alilamba kidogo tu."

Kipimo hicho hakimo kwenye sanduku la kawaida la kituo cha afya cha kijijini, na kusubiri kifike ni kukaa na batri ndani ya nyumba. Kwa hiyo tulianza na kupima nyumba. Reko akipita kaya kwa kaya kwa habari ya chanjo, anaweza kuuliza haya pia, na mzazi ajiulize mwenyewe. Hapa lupangoni kuna mtu anavunja, anafungua ao anayeyusha batri? Baba ao kaka anafanya kazi hiyo mahali pengine na kurudi na nguo zilezile, akambeba mtoto? Batri iliyokufa imelala wapi? Kuna jiwe la dhahabu linapondwa hapa? Sufuria ni za kununua dukani ao za fundi anayeyeyusha vyuma vya kuokota? Sufuria za namna hiyo zilipimwa Kameruni zikakutwa zinaachia risasi ndani ya chakula, na nyanya na ndimu zinazidisha. Mama anakula udongo wakati wa mimba? Udongo wa kula unaouzwa masokoni umekutwa na risasi katika nchi nyingi. Tulipouliza hilo la mwisho, akina mama walicheka na kuangaliana. Tukajua jibu.

Nyumba ikijibu ndiyo hata mara moja, jambo la kwanza ni kuondoa kile kitu. La pili: mtoto wa nyumba hiyo akienda kwa muganga, mzazi aseme wazi, "Muganga, nyumbani kwetu tunavunja batri." Upungufu wa damu usiopona kwa dawa za chuma na za minyoo, tumbo linalouma kila mara, degedege wakati kipimo cha malaria kinasema hapana: muganga akiwa na sentensi hiyo moja mkononi anaweza kufikiria risasi na kuandika barua ya kumpeleka mtoto mbele. Bila sentensi hiyo atafikiria yale aliyozoea, kama walivyofanya Mombasa.

Shambani na jikoni

Hapa tunarudi kwenye kazi yetu. Risasi haiozi. Mgodi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994 na mpaka leo watoto wa mitaa ya pale wana risasi nyingi katika damu. Mahali mlipovunja batri mwaka huu, mjukuu atakuta risasi ileile kwenye sentimita chache za juu. Majivu ao chokaa yanaua asidi ya batri, ni kweli, na majani yataota tena. Watu wanaona majani wanasema udongo umepona. Asidi ndiyo imekufa. Risasi ipo.

Mimea mingi hainyonyi risasi nyingi mpaka kwenye tunda ao punje. Inayotufikia mezani ni ile iliyoshika kama vumbi kwenye majani na kama udongo kwenye mizizi. Kwa hiyo pembeni ya pahali pa batri msipande lengalenga, sombe, viazi ao karoti. Bora kabisa msilime hapo: funikeni kwa udongo safi, mpande majani ya kudumu, mzungushie miti, watoto na kuku wasipite. Kuku anadonoa, na yai linakuja kwa mtoto. Kama shamba liko mbali kidogo na mna wasiwasi tu, chokaa na mboji nyingi vinafanya risasi ishikwe na udongo isitembee. Udongo wetu wa milimani una asidi ya kwake, chokaa itausaidia kwa maharagi hata kama risasi haimo. Mihogo msianike chini karibu na fundi wa batri wala barabarani: turubai, ao kichanja. Mboga zioshwe kwa maji mawili. Kuchemsha hakuondoi risasi.

Ndani ya nyumba msifagie kavu, vumbi linapaa tu na kushuka juu ya sahani. Nyunyizeni maji, pangusa na kitambaa kibichi. Mikono ya mtoto ioshwe na sabuni kabla ya kula, hata kama haionekani michafu.

Chakula kina nafasi yake. Mwili wenye njaa, uliokosa chuma na kalisi, unanyonya risasi zaidi, kwa sababu unaidhani ni kile unachokikosa. Mtoto anayekula maharagi, lengalenga, ndagala nzima na mifupa yake, na kunywa maziwa, tena na ndimu ao papai la kusaidia chuma kuingia, anaingiza risasi kidogo kuliko mwenzake wa ugali mtupu. Lakini tusidanganyane: mafundi wengi wanaamini glasi ya maziwa jioni inasafisha sumu ya mchana. Haisafishi. Maziwa ni chakula, si sabuni.

Basi batri zile nne

Tuseme pia kosa letu. Sisi watu wa miradi tumeleta pano na batri kwenye depo, kwenye maternite, kwenye shule, tukapiga picha, tukashuka. Batri inaishi miaka mitatu, minne, ikitunzwa vizuri. Hatukusema ikifa irudi wapi. Mama kesie alituuliza hilo mbele ya watu wote na hatukuwa na la kujitetea.

Komite ilibishana mpaka saa ya mvua. Hesabu iliyowashawishi wazee haikuwa ya ubongo wa watoto peke yake, tuwe wakweli. Ilikuwa ya mbegu: kama wanunuzi wa mbegu wakisikia maharagi yalilala kwenye vumbi la batri, nani atanunua? Walipanga batri zishuke nzima, zikiwa zimesimama wima, zile mbili zilizopasuka ndani ya basini ya plastiki iliyofunikwa, na mnunuzi aambiwe hawatavunja na yeye asivunje kwao. Bei ni ileile ndogo. Mpaka siku ya kushuka, zimekaa nje chini ya kibanda chenye mlango na kufuli, mbali na maji na watoto. Udongo wa pembeni ya depo wenye alama nyeupe uliloweshwa, ukachimbwa kiganja kimoja kwenda chini, ukafungwa kwenye mifuko ya plastiki na kufukiwa mbali na mto, mahali palipowekewa mawe. Waliochimba walifunga vitambaa mdomoni, wakafua nguo zao peke yake, wakaoga kabla ya kushika watoto. Magunia ya nje yalipanguswa kwa kitambaa kibichi.

Sisi tuliondoka na barua mbili. Moja ni ya ofisi yetu, koperative inaomba kila batri mpya ije na ahadi ya maandishi ya nani ataichukua ikifa. Ya pili ni ya eneo la afya, kuomba kipimo cha risasi kwa watoto wa chini ya miaka 6 wanaoishi karibu na depo. Jina la kwanza kwenye orodha ni la yule mtoto wa mlinzi. Baba yake aliliandika mwenyewe.